Kabla hujanunua dawa, mfundishe mwanao wadudu wa bustani

WATOTO wa wakulima hukaa bustanini muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote nyumbani. Wao ndio wanaotumwa kuchuma mchicha wa jioni, kumwagilia matuta kabla ya kwenda shule na kufukuza kuku wasiparue miche. Macho yao yako karibu na ardhi na bado yanaona vizuri. Hata hivyo, katika kaya nyingi elimu pekee wanayopewa kuhusu wadudu ni neno moja tu: ua.

Amri hiyo ina gharama zake. Mtoto aliyezoeshwa kuponda kila kinachotambaa hamwachi hata yule mdudu anayemfanyia baba yake kazi bure. Mathalani, kwenye kunde zilizojaa vidukari weusi, mara nyingi huonekana kidudu cha kijivu kilichokolea, chenye madoa ya rangi ya chungwa, mwili mrefu wenye vijimwiba na miguu sita. Umbo lake ni kama la mamba mdogo sana. Sura inatisha, na wengi humponda wakidhani ndiye anayekausha kunde. Kumbe huyo ni mtoto wa mbawakavu mwekundu mwenye madoa meusi, yule wa mviringo kama punje ya choroko iliyopasuliwa katikati, na chakula chake ni vidukari hao hao. Mkulima akishamponda huyo, hufunga safari hadi duka la pembejeo kununua dawa ya vidukari ambao tayari walikuwa na mlaji wao shambani.

Mbawakavu huyo na mtoto wake hula makumi ya vidukari kwa siku. Mama hutaga mayai ya njano, yaliyosimama wima na kukaa pamoja kama njiti, upande wa chini wa jani, na huchagua mahali palipo na vidukari ili watoto wakianguliwa wakute chakula mlangoni. Asiyejua hilo akiona mayai hufikiri balaa linakuja, naye huyafuta kwa kidole gumba.

Kosa hili si la wakulima wa Afrika Mashariki peke yao. Mwaka 1986 Serikali ya Indonesia ilipiga marufuku aina 57 za viuatilifu kwenye mpunga, baada ya kubainika kuwa mdudu wa kahawia anayefyonza mpunga alizidi kuongezeka pale pale palipopuliziwa dawa nyingi. Sababu haikuwa ya ajabu. Dawa iliua buibui na wadudu wengine waliokuwa wakimla, lakini mayai yake, ambayo huyataga ndani ya ala ya jani, yalipona. Yalipoanguliwa, watoto walikuta mpunga upo na adui hayupo. Ilipofika mwaka 1989 nchi hiyo ilianzisha mafunzo ya wakulima yanayofanyika shambani kwa msimu mzima, na katika miaka ya 1990 mfumo huo ukafika Afrika Mashariki. Tanzania unajulikana zaidi kwa jina la shamba darasa.

Moja ya mazoezi yaliyopendwa katika mafunzo hayo ni kufuga wadudu ndani ya chupa ili kuona nani anamla nani. Lilibuniwa kwa ajili ya watu wazima, lakini anayelifurahia zaidi ni mtoto, na nchi kama Thailand na Kambodia zililipeleka hadi shuleni.

Kwetu nafasi ipo. Shule za Tanzania zimekuwa na mashamba tangu siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, na Kenya ilivifufua vikundi vya 4K shuleni mwaka 2021. Tatizo ni kwamba watu wazima wengi hulikumbuka shamba la shule kama mahali pa adhabu: umechelewa namba, kalime matuta mawili. Kujifunza kilimo kwa namna hiyo humfundisha mtoto kuchukia jembe, na wadudu hawafahamu kabisa.

Zoezi la chupa halihitaji fedha. Inatosha chupa ya maji ya kunywa ya plastiki iliyokatwa juu, kipande cha chandarua kilichochakaa cha kufunika, na mpira wa kufungia. Chupa iliyowahi kuwa na dawa ya shamba haifai hata ikioshwa mara kumi, kwanza kwa usalama wa mtoto na pili kwa sababu wadudu watakufa na zoezi litaharibika. Ndani huwekwa kikonyo cha kunde au jani la sukuma wiki lenye vidukari, pamoja na kitambaa chenye unyevu kidogo ili jani lisinyauke haraka. Mtoto ahesabu vidukari, hata kama ni kwa kukadiria, na aandike. Kisha atie mdudu mmoja tu anayemshuku. Chupa ikae kivulini. Kesho yake ahesabu tena.

Kama vidukari wamepungua na jani halijaongezeka matundu, mdudu huyo ni rafiki. Kama jani limeliwa na vidukari wapo vile vile, ni adui. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kufika kwenye jibu hilo mwenyewe, tena akalikumbuka kuliko akiambiwa. Zoezi hili lina faida hata kwa mbawakavu wenyewe, maana ukoo ule una ndugu wasiofanana tabia. Wapo wenye rangi iliyofifia na vinyweleo vifupi mwilini, wanaokula majani ya maboga na matango hadi yakabaki kama wavu. Watoto wao ni wa njano na wana miiba yenye matawi. Kwa macho ya haraka wanachanganya, lakini ndani ya chupa hawafichiki.

Kabla ya chupa, hata hivyo, kuna somo la kuhesabu miguu. Mdudu ana miguu sita. Buibui ana minane, kwa hiyo si mdudu, ingawa bustanini anafanya kazi kubwa ya kuwala. Kiwavi huwachanganya watoto kwa kuwa anaonekana ana miguu mingi, lakini ile ya kweli ni sita tu, iko mbele karibu na kichwa. Iliyobaki ni vinyama vya kujishikiza, na akiwa nondo au kipepeo hatakuwa navyo.

Somo linalofuata ni kwamba wadudu hawakui kwa namna moja. Mtoto wa panzi anafanana na mama yake isipokuwa hana mabawa kamili. Hujivua ngozi mara kadhaa na kila akijivua anaongezeka. Vidukari ni hivyo pia. Lakini kiwavi, funza wa inzi na yule mamba mdogo wa kwenye kunde hupitia hatua nne: yai, mtoto asiyefanana na wazazi, pupa asiyekula wala kutembea, halafu mdudu mzima mwenye mabawa. Mkulima anayemjua mdudu wake katika hatua moja tu ni sawa na mwenye duka anayemtambua mwizi akiwa amevaa shati jeupe pekee.

Vidukari wanastahili kupewa siku nzima ya masomo, kwa sababu namna wanavyoishi inaeleza hasara za wakulima wengi wa mboga. Katika maeneo yetu ya joto, kidukari jike hahitaji dume. Anazaa watoto hai, majike watupu, na hao watoto huzaliwa wakiwa tayari wamebeba wao wenyewe vichanga tumboni. Joto likiwa zuri, aliyezaliwa leo anaweza kuanza kuzaa baada ya takriban wiki moja. Ndiyo maana mkulima hupita Jumatatu akaona wachache, akapuuza, akarudi baada ya siku kumi na kukuta vikonyo vyote vimeviringika. Jani likijaa na chakula kikipungua, huzaliwa vidukari wenye mabawa ambao huruka na kuanzisha makazi kwenye shamba la jirani.

Wana ulinzi pia. Vidukari wa kabichi hujipaka unga wa nta wa kijivu, ukidhani mtu kamwaga majivu, na maji ya kunyunyizia huteleza juu yao. Wengine hutegemea sisimizi. Kidukari hufyonza utomvu wa mmea mwingi kuliko anavyohitaji, na sukari iliyozidi huitoa kwa nyuma kama tone la asali. Sisimizi hulipenda tone hilo, hivyo huwachunga vidukari kama Mmasai na ng'ombe wake, na kumfukuza mbawakavu anayekuja kuwala. Mtoto akiona msururu wa sisimizi ukipanda kwenye mpilipili, aambiwe aufuate hadi juu. Mara nyingi atakuta kundi la vidukari mwishoni mwa safari.

Adui mwingine wa vidukari huonekana kama mzimu. Katikati ya vidukari hai, mtoto atamwona mmoja aliyevimba, amekuwa wa rangi ya kahawia kama karatasi kavu na hatikisiki. Huyo ameshakufa. Nyigu mdogo kuliko mbu alimdunga yai tumboni, na mtoto wa nyigu akamla kutoka ndani. Jani lenye vidukari wa namna hiyo likiwekwa kwenye chupa, baada ya siku chache mgongoni mwao hutokea tundu la duara kamili, kama limekatwa kwa wembe, na nyigu wadogo huonekana wakitembea kwenye chandarua. Watoto wakishaliona hilo hawalisahau. Nyigu hao hawaumi watu, na dawa nyingi za kunyunyizia huwaua haraka kuliko zinavyoua vidukari wenyewe.

Nyigu wa aina hiyo ndio waliofanya kazi kubwa kwenye kabichi. Nondo mdogo wa kabichi, ambaye kiwavi wake wa kijani hutoboa majani matundu, ni maarufu duniani kwa kuzishinda dawa. Mwaka 1953 iliripotiwa kutoka kisiwa cha Java kwamba DDT haimuui tena, na tangu hapo amezoea dawa za aina nyingi mno. Ukimgusa kiwavi wake hufurukuta kinyumenyume na kujidondosha kwa uzi, akaning'inia hewani mpaka hatari ipite. Mwaka 2002 kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, chenye makao yake Nairobi, kiliachia Kenya nyigu mdogo aliyetolewa Taiwan ambaye hutaga ndani ya kiwavi huyo, na nyigu huyo akapelekwa Tanzania na Uganda pia. Katika nyanda za juu zenye baridi alistawi vizuri. Mtoto anaweza kufundishwa kutofautisha: pupa wa nondo amelala ndani ya wavu mwembamba na anaonekana kwa ndani, ilhali kifuko cha nyigu ni kama kipipa kidogo cha kahawia kilichozibwa pande zote. Kipipa hicho kiachwe kwenye jani.

Lakini dawa huzoeleka vipi? Swali hili huulizwa na watu wazima kila siku katika maduka ya pembejeo, na wengi huishia kumlaumu muuzaji kwamba kachanganya na maji. Wapo wauzaji wa bidhaa bandia, hilo halina ubishi, ila si kila mara. Mtoto anaweza kulielewa jambo hili kwa punje ishirini za maharage, kumi na nane nyeupe na mbili nyekundu. Hao ni viwavi. Nyekundu ni wale waliozaliwa na uwezo wa kustahimili dawa. "Pulizia" kwa kuondoa nyeupe zote. Zimebaki mbili, nazo zizae: weka punje nyingine nyekundu kumi na nane. Shamba limejaa tena kama mwanzo, isipokuwa safari hii ukipulizia dawa ile ile hafi hata mmoja. Nyigu na mbawakavu, ambao walikuwa wachache tangu awali na huzaliana polepole kuliko vidukari, hawapo tena kusaidia.

Kwenye mahindi, mtoto anaweza kuokoa fedha moja kwa moja. Kiwavijeshi vamizi aliripotiwa Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, na mwaka 2017 alikuwa ameshaingia Kenya na Tanzania. Viwavijeshi wa zamani ambao wazee wanawafahamu hutembea kwa makundi kama jeshi kweli. Huyu mgeni ni tofauti. Wakishakua kidogo hulana wenyewe kwa wenyewe, kwa hiyo mara nyingi utamkuta mmoja mkubwa peke yake ndani ya kikonyo cha mhindi, amejifunika kwa kinyesi chake kinachofanana na unga wa mbao. Dawa haimfikii huko. Alama zake ni mbili: usoni ana mistari meupe iliyounganika kama herufi Y iliyogeuzwa juu chini, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe za mraba.

Nondo wake hutaga usiku, mayai 100 hadi 200 kwa mara moja, na jike mmoja anaweza kutaga zaidi ya 1,000 maishani. Huyafunika kwa manyoya ya mwili wake, yakaonekana kama kipande cha pamba chafu kilichogandishwa kwenye jani. Huanguliwa baada ya siku mbili hadi nne. Hapo ndipo pa kumkamata. Mtu akipita kwenye mistari mara mbili kwa wiki tangu mahindi yana majani matatu, akaponda kila kipande cha pamba anachokiona, anakuwa ameua mamia kwa kidole. Viwavi wachanga nao huacha vidirisha vyeupe kwenye jani, kwa kuwa bado hawana nguvu ya kulitoboa. Kwenye robo eka au nusu eka, watoto wawili wenye macho mazuri huimaliza kazi hiyo asubuhi moja ya Jumamosi, na wengine huifanya kuwa mashindano ya nani kapata vingi. Shamba lililopuliziwa dawa, watoto wasiingizwe mpaka siku zilizoandikwa kwenye kibandiko zipite. Na kupulizia si kazi ya mtoto hata siku moja.

Swali ambalo watoto huuliza kuliko yote ni hili: kiangazi kikifika, majani yote yamekauka, wadudu huenda wapi? Watu wazima hujibu kwamba wanakufa. Ukweli ni kwamba wengi wamelala, na mahali walipolala panajulikana. Chukua bua la mahindi lililobaki shambani tangu mavuno, ulipasue kwa kisu mbele ya mtoto. Mara nyingi ndani yake utamkuta bungua, funza mnene, ametulia bila kula. Anaweza kukaa hivyo hadi miezi sita. Mvua za kwanza zikinyesha na unyevu ukaingia kwenye bua, anaamka, anakuwa pupa, halafu nondo, na nondo huyo anayakuta mahindi machanga yanaota. Mkulima aliyeyalaza mabua shambani kivulini amemhifadhia. Aliyewalisha ng'ombe, au aliyeyatandaza juani yakakaukia kabisa kabla ya kuyasimamisha kujengea uzio, amempunguza sana. Kuyachoma moto kunamuua pia, lakini kunaondoa mbolea na malisho, na wafugaji hawawezi kukubali.

Panzi wenye rangi kali wanaonuka, wale wanaokula mihogo, huacha mayai ardhini, mengi yakiwa pamoja katika kivuli cha kichaka kimoja ambacho majike wengi wamekichagua. Watoto wakionyeshwa mahali walipokuwa wakikusanyika, wanaweza kupachimbua kwa jembe dogo na kuyaacha mayai juani. Kuku watamaliza kazi.

Wengine wamejificha hadharani. Vunjajungu hukaa kwenye tawi kama kijiti, mikono ameikunja, na hutaga mayai yake ndani ya povu linalogeuka gumu kama sponji kavu, likiwa limeshikamana na kijiti au ukuta. Ndani yake huwamo makumi ya watoto, wakati mwingine zaidi ya mia. Wazee walikuwa na neno juu yake: anayemgusa atavunja chungu, na jina lake linatokana na hilo. Mama aliyekuwa na vyungu vichache hakutaka mtoto acheze na mdudu huyo. Pengine hofu hiyo ilimfaa vunjajungu kuliko sheria yoyote ya hifadhi. Isipokuwa asisifiwe kupita kiasi, kwani hachagui, na nyuki akikaribia humla vile vile.

Yupo pia inzi mwembamba mwenye mistari ya njano na meusi anayesimama hewani bila kusogea mbele ya ua. Watoto humkimbia wakidhani ni nyigu. Hana mwiba, amevaa tu sare za nyigu ili ndege wamwogope. Funza wake, asiye na miguu na anayefanana na konokono aliyevuliwa gamba, hula vidukari usiku na mchana. Mbawakavu mwekundu naye hajavaa rangi kwa urembo. Mshike, atakunja miguu ajifanye amekufa, na kwenye maungio ya miguu yatatoka majimaji ya njano yenye harufu mbaya na uchungu. Ndege akimwonja mara moja hamrudii.

Pwani na visiwani, mwalimu mzuri kuliko wote ni majimoto. Kila mtoto wa huko anawajua kwa sababu wamemuuma akipanda mwembe. Wasilojua wengi ni namna wanavyojenga nyumba. Mamia hushikana miguu na kuvuta kingo za majani zikutane, kisha wenzao huleta watoto wao wachanga wakiwa wamewashika mdomoni na kuwapitisha huku na huku kama sindano ya kushonea, maana ni wale watoto wanaotoa uzi. Katika miaka ya 1950 mtafiti Mwingereza M. J. Way alichunguza minazi ya Zanzibar na kuonyesha kuwa yenye majimoto iliepuka madhara ya mdudu anayefyonza nazi changa zikapukutika. Mdudu huyo hata jina lake la kisayansi limetokana na Way. Mikorosho nayo hunufaika kwa namna hiyo hiyo, na baadhi ya wakulima hufunga kamba kutoka mti hadi mti ili majimoto wavuke bila kushuka chini, ambako kuna sisimizi wa kahawia wenye vichwa vikubwa wanaowaua. Wachumaji hulalamika kuumwa, na wana haki. Lakini anayewachoma moto wote ili achume kwa raha, msimu ujao atajilipia mwenyewe.

Kuhusu nyuki, wauza matikiti na maboga wanapaswa kusikiliza kwa makini kuliko wengine. Tikiti lina maua ya kiume na ya kike, na ua la kike hufunguka asubuhi moja tu. Nyuki wasipolitembelea mara kadhaa siku hiyo, tunda halifungi, au linafunga likiwa limepinda na sokoni linatengwa. Mtoto apewe kazi ya kukaa pembeni ya maua kumi, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tatu, na kuhesabu nyuki wanaotua. Baba akiona daftari halina kitu, atajua kwamba tatizo la matunda yake si mbolea. Anayelazimika kupulizia dawa afanye hivyo jioni maua yakishafunga. Wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa nguzo za mbao, ambao watoto huwazibia matundu kwa udongo, ndio wachavushaji wakuu wa pasheni, kwa kuwa ua la pasheni ni kubwa na nyuki wa kawaida halimudu vizuri.

Wapo wasioguswa. Kiwavi mwenye manyoya mengi huwasha, na manyoya yakiingia jichoni ni hatari. Nyigu wa kwenye viota, siafu na nyuki waangaliwe kwa mbali. Yule mdudu mwembamba mwenye pingili nyekundu na nyeusi anayeitwa Nairobi fly, ambaye si inzi bali ni mbawakavu, haumi wala kudunga. Akipondwa juu ya ngozi, majimaji yake huleta malengelenge kama umeungua moto. Mwaka 1998, baada ya mvua za El Niño, watu wengi Kenya walimfahamu kwa njia hiyo. Akikutua shingoni, mpulize au mwondoe kwa karatasi, usimpige kofi. Na huyo pia bustanini anakula wadudu waharibifu, jambo ambalo watoto hulipokea kwa mshangao.

Kazi yote hii huhitaji daftari moja la kurasa arobaini. Mtoto achague mimea kumi, isiwe ya pembeni tupu, aichunguze siku ile ile kila wiki na kuandika: tarehe, vidukari wengi au wachache, viwavi wangapi, mbawakavu wangapi, vidukari wangapi waliokauka kahawia. Wiki mbili za kumbukumbu hizo humsaidia mkulima kuamua. Kama vidukari wanaongezeka na marafiki hawapo, achukue hatua, akianza na maji yenye sabuni kidogo kwenye vikonyo vilivyoathirika. Kama marafiki nao wanaongezeka, asubiri siku tano aone. Maofisa ugani, ambao mara nyingi mmoja anahudumia vijiji kadhaa, huweza kutoa ushauri wa maana zaidi wakionyeshwa daftari la namna hiyo kuliko wakiambiwa tu kwamba kuna wadudu.

Wadudu waliofungwa kwenye chupa wasikae zaidi ya siku tatu. Wafunguliwe jioni, jua likishapoa, kila mmoja arudishwe kwenye mmea aliotolewa, isipokuwa wale wanaokula vidukari. Hao wapelekwe kwenye mstari wa kunde ulioathirika kuliko yote, na mtoto aandike tarehe.